Kipindi ni Bure, Lakini Nani Anakilisha?

KAMA umepata kuhudhuria onyesho la taarab, iwe ni Unguja, Tanga au Dar es Salaam, bila shaka umeona jambo ambalo wageni hulistaajabia. Mwimbaji yu katikati ya ubeti. Mama mmoja aliyeketi safu ya nyuma anainuka, anakuja mbele taratibu akiyachezesha mabega, noti ameikunja vidoleni. Anamtunza mwimbaji, anageuka, anarejea kitini. Hakuna aliyemwita. Kiingilio alikwisha kulipa mlangoni, na kama ni arusi ya jirani hakulipa hata senti moja. Ametoa kwa sababu maneno yamemgusa na pengine, tusifichane, kwa sababu yuko mtu fulani ukumbini ambaye anatakiwa ayasikie vizuri.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kutunza kwa namna hiyo hiyo, ila ukumbi wake hauna kuta, na anayetunzwa hauoni uso wa anayemtunza.

Huenda jambo lenyewe limekwisha bisha hodi nyumbani kwako. Kijana wako, yule aliyeanza kazi mwaka jana na bado anakula chakula cha mama, hushinda na visikilizio masikioni akicheka peke yake. Ukimwuliza anasikiliza nini, anakujibu kuwa ni podikasti: kipindi kama cha redio, kilichorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, ambacho kila mtu hukipakua na kukisikiliza kwa saa anayoitaka. Kisha siku moja anakujia kwa adabu isiyo ya kawaida, akiomba mshirikiane kutoa dola 5 za Marekani kila mwezi, yaani zaidi ya shilingi 10,000 za Tanzania, apelekewe mtu wa mbali ambaye kazi yake ni kuzungumza juu ya filamu, muziki na vichekesho. Mtu huyo ameomba mwenyewe, mwishoni mwa kipindi, kwa sauti ya kuona haya kidogo. "Tangu lini redio ikalipiwa?" ndilo jibu la wazazi wengi.

Mzazi anayeuliza hivyo angekumbuka kwanza kadi za salamu. Katika ujana wake alinunua kadi, akaijaza majina ya mjomba, shangazi na rafiki wa shuleni, akaituma redioni, kisha akakaa na sikio kwenye spika siku baada ya siku akingoja jina lake lisomwe. Hata hivyo swali lake ni la haki, na halijibiwi kwa mzaha.

NANI MLIPAJI

Ukweli ni kwamba redio haijapata kuwa bure hata siku moja. Lililobadilika ni mlipaji tu. Waingereza walipoanza utangazaji wao mwaka 1922, kila mwenye chombo cha redio alitakiwa kulipa ada ya shilingi 10 za Kiingereza kwa mwaka, apende asipende. Katika nchi nyingi serikali ndiyo iliyobeba mzigo. Wamarekani nao waliwaachia wafanya biashara. Makampuni ya sabuni yaligharimia tamthilia za mchana zilizosikilizwa na akina mama majumbani, na hata leo tamthilia za namna hiyo huitwa huko kwa jina la sabuni. Anayelipa sabuni alikuwa pia na neno katika hadithi. Mtunzi hakuweza kuandika lolote litakalomfanya msikilizaji azime redio kabla ya tangazo.

Mtu aliyekataa mpango huo aliitwa Lewis Hill. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikataa kushika silaha kwa sababu za dhamiri. Baadaye akafanya kazi ya redio mjini Washington. Mwaka 1946 yeye na wenzake waliunda wakfu ulioitwa Pacifica, na tarehe 15 Aprili, 1949, kituo chao cha KPFA kilianza kutangaza kutoka Berkeley, katika jimbo la California. Hakikuwa na tangazo la biashara hata moja. Hill aliwaomba wasikilizaji wachangie dola 10 kwa mwaka, kwa hiari. Asiyetoa angesikiliza vile vile, kwa maana mawimbi ya redio hayana bawabu.

Utasema huo ni upumbavu, na mwanzoni ulifanana na upumbavu kweli. Kituo kilitumia masafa ya FM, na wakati huo ni watu wachache waliokuwa na redio za kuyapokea. Mwezi Agosti 1950 fedha zilikwisha, kituo kikanyamaza. Kilirudi hewani mwezi Mei 1951 kwa jitihada za wasikilizaji pamoja na msaada mkubwa kutoka mfuko wa elimu uliogharimiwa na Ford Foundation. Hill alikwisha fanya hesabu yake: hakuhitaji kila mtu atoe. Alikadiria kwamba wakitoa asilimia 2 tu ya wale wanaoweza kukisikia kituo, mambo yatakwenda. Wale 98 wengine watasikiliza kwa mgongo wa wawili, wala hawatakuwa wezi. KPFA kingali hewani hadi leo, baada ya miaka zaidi ya 70, ingawa magomvi yake ya ndani yangejaza kitabu.

Nimemtaja Hill kwa kirefu kwa sababu yule mwenye podikasti anayeomba dola 5 leo ni mjukuu wake, ajue asijue.

KIJANA WA SANTA CRUZ

Podikasti yenyewe haina umri mkubwa. Neno hilo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 2004 na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la Guardian la Uingereza, akichanganya jina la iPod, kile kichombo cha kusikilizia muziki kilichokuwa mifukoni mwa vijana, na neno la Kiingereza la utangazaji. Kichombo chenyewe kiliacha kutengenezwa mwaka 2022. Jina limebaki, kama lakabu ya mtu aliyekufa inavyobaki kwa mjukuu.

Miongoni mwa waliowahi mapema alikuwamo Jesse Thorn, mzaliwa wa San Francisco. Mwaka 2000, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, alianzisha kipindi katika redio ya chuo, KZSC, akihoji wachekeshaji, wanamuziki, watunzi na watu wa filamu. Mambo haya ndiyo tunayoweza kuyaita utamaduni pendwa: yale ambayo watu wengi huyapenda na wasomi wachache huyadharau. Mwaka 2004 alianza kukiweka kipindi kwenye intaneti. Kikampata msikilizaji katika miji ambayo minara ya Santa Cruz isingeifikia kamwe. Tangu mwaka 2012 kipindi hicho kinaitwa Bullseye, na vituo vingi vya redio za umma nchini Marekani vimekuwa vikikirusha. Lakini Thorn hakukitia kapu moja tu. Alijenga jumuiya ya podikasti iitwayo Maximum Fun, akaifanya iwe na desturi moja: mara moja kwa mwaka, kwa majuma kama mawili, watangazaji wake wote huwaomba wasikilizaji wajiandikishe kuwa wanachama, kuanzia dola 5 kwa mwezi. Mwanachama humtaja anayemsikiliza, na sehemu kubwa ya fedha yake huenda kwa kipindi hicho alichokitaja. Kila kipindi ni mali ya waliokitunga.

Wanaotoa hupewa vijizawadi. Kuna vipindi vya ziada ambavyo wengine hawavisikii, kuna vibeji vya kubandika kwenye nguo. Binafsi sivipendi vibeji; huifanya shukrani ifanane na duka. Lakini yafaa tukiri kwamba hata kwenye taarab mtu hutaka aonekane anapotunza.

Jambo jingine ni staha. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuwafungia watu majumbani na wengi wakipoteza kazi, jumuiya hiyo iliahirisha uchangishaji wake wa majira ya kuchipua. Mwombaji anayejua kuwa mwenye nyumba ana msiba akarudi njia aliyojia, huyo aghalabu ni mtu wa kuaminiwa.

KWA NINI TANGAZO HALITOSHI

Sasa kijana wako ataulizwa: kwa nini mtu huyo asitafute matangazo kama wenzake? Hapa ndipo penye moyo wa mambo, msomaji, nawe unisubiri kidogo.

Mtangaza biashara hununua masikio kwa jumla. Bei ya tangazo katika podikasti huhesabiwa kwa kila upakuaji 1,000. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme bei ni dola 20 kwa kila 1,000, na kipindi kina wasikilizaji 2,000. Tangazo moja litaleta dola 40. Ukiweka mawili katika kila kipindi, ukatoa vipindi vinne kwa mwezi, utapata dola 320, ikiwa utapata mtangaza biashara atakayehangaika na watu 2,000, na mara nyingi hapatikani. Sasa wachukue watu 100 kati ya hao 2,000, yaani asilimia 5, kila mmoja atoe dola 5. Ni dola 500 kila mwezi, bila kumsifia mtu magodoro asiyoyalalia.

Fedha hizo zinakwenda wapi? Kipindi cha saa moja si kazi ya saa moja. Anayezungumzia filamu sharti aitazame, pengine mara mbili, asome yaliyoandikwa juu ya mwongozaji wake, amtafute mgeni wa kuhoji, amnong'oneze na kumbembeleza hadi akubali. Akisha kurekodi huketi kukata vikohozi, mbwa wa jirani, na zile "yaani" mia mbili ambazo sisi sote huzisema bila kujua. Kisha kuna kipaza sauti, kuna malipo ya kuhifadhi sauti kwenye intaneti, na kuna umeme. Wengi wa watu hawa wana kazi nyingine ya mchana, na kipindi hufanywa usiku watoto wakilala.

Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Fikiri juu ya mtu anayekwambia kama filamu mpya yafaa utoe nauli ya familia nzima na kiingilio ukaitazame. Kama mshahara wake unatokana na matangazo ya kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, atakwambia nini? Si lazima awe mwongo. Ataacha tu jambo moja lisisemwe, na juma lijalo jingine, hadi itakapokuwa tabia. Sisi huudhika tunapogundua kwamba fundi aliyetushauri duka la vipuri alikuwa akipata chake kutoka dukani. Ila kwa mambo ya filamu na muziki tumezoea, tunaona ni kawaida ya dunia. Msikilizaji anayetoa dola 5 anajinunulia fundi asiye na duka.

Na asidanganyike mtu kwamba wasikilizaji hawana udhalimu wao. Mtangazaji anayelishwa na mashabiki 100 anaweza kuwaogopa hao 100 kuliko alivyoogopa kampuni ya sabuni. Wakimpenda mwimbaji fulani, naye akaona santuri yake mpya haifai, kusema kwataka ujasiri. Wako waliokatiwa michango kwa maoni ya dakika mbili. Dawa yake siijui zaidi ya kuwa na wachangiaji wengi wa kiasi kidogo, ili asiwepo mmoja ambaye kuondoka kwake ni njaa.

WA DOLA MOJA

Kwa habari ya wachangiaji wadogo, kuna kisa cha kufundisha. Mwaka 2013 mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam walianzisha Patreon, shirika la San Francisco ambalo hukusanya michango ya kila mwezi na kuipeleka kwa wasanii, likijikatia asilimia yake. Conte alikuwa ametumia maelfu ya dola kutengeneza video moja, akaona kwamba matangazo yatamletea fedha kidogo mno ingawa watazamaji ni wengi. Mpango wao ukaenea upesi. Mwezi Desemba 2017 Patreon ilitangaza kwamba sasa mchangiaji atatozwa juu ya kila mchango asilimia 2.9 pamoja na senti 35. Aliyetoa dola 100 asingehisi chochote. Aliyetoa dola 1 angelipa dola 1 na senti 38. Watu wa dola moja moja, ambao walikuwa wakiwapa vipindi vitano au kumi kila kimoja dola yake, walianza kujitoa, na wasanii wakapiga kelele kwa sababu walijua nguzo zao ziko wapi. Haikupita hata wiki moja, shirika likaomba radhi na kuufuta mpango huo.

Nakutajia hili ili usimwone kijana wako kuwa ni mjinga akisema atatoa kidogo. Kidogo ndicho kilichouangusha uamuzi ule.

Kisa cha pili kina uchungu wake. Mtangazaji Roman Mars alianza mwaka 2010 kipindi cha 99% Invisible, juu ya majengo na vitu vilivyobuniwa ambavyo tunavipita bila kuviona. Mwaka 2012 aliwaomba wasikilizaji, nao wakamchangia zaidi ya dola 170,000. Mwaka 2014 waliombwa tena, mara hii kwa ajili ya jumuiya mpya ya podikasti huru iitwayo Radiotopia, wakatoa zaidi ya dola 600,000. Mwaka 2021 Mars alikiuza kipindi kwa kampuni ya Stitcher, ambayo nayo ilikwisha nunuliwa na SiriusXM. Alikuwa na haki. Kipindi ni chake, na aliiachia Radiotopia mchango wa dola milioni moja. Hata hivyo, aliyetoa dola zake akiamini kuwa anajenga nyumba isiyouzwa alijikuta ametoa, tuseme, tofali la zawadi. Hakuwa na hisa wala kura.

Lile la Maximum Fun lilikwenda njia nyingine. Mwaka 2023 Thorn alitangaza kwamba kampuni haitauzwa kwa wakubwa wa sekta hiyo bali itakabidhiwa wafanyakazi wake, iwe ushirika ambamo kila mfanyakazi mwenye hisa ana kura moja. Mhariri na mtunza hesabu wakawa na sauti sawa na yule aliyeanzisha. Wasikilizaji, nawe uangalie hapo, bado hawana kura. Wao hubaki watunzaji. Lakini angalau wanajua fedha yao inaingia mikononi mwa watu wanaokaa mezani kuifanya kazi.

NYUMBANI KWAKO

Turudi sebuleni, kwa yule kijana na dola zake 5. Usimkatalie kwa sababu tu kitu kinapatikana bure. Wala usimkubalie kwa sababu ametia huruma. Keti naye usikilize kipindi kizima pamoja. Pengine utakichukia, jambo ambalo ni haki yako, au utajikuta unacheka. Mwulize mwenye kipindi ni nani, fedha zinakatwa kiasi gani njiani kabla hazijamfikia, na kama siku moja akikiuza itakuwaje. Kijana aliyekwisha fikiri atakujibu. Asiyejibu mpe juma moja akatafute.

Kama kipindi ni cha hapa kwetu, na sasa wako vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaorekodi vyao kwa Kiswahili chumbani wakiwa wametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, mambo ni mepesi zaidi. Huhitaji kadi ya benki wala dola. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, shilingi 1,000 hutumwa kwa simu pasipo mtu kuinuka kitini. Wengi wao huona haya kuomba. Wanadhani wakiomba wataonekana wana njaa, basi huendelea kimya miezi sita, kisha kipindi kinakatika bila kuaga na wasikilizaji wakalalamika kwamba vijana hawana subira.

Na asiye na shilingi 1,000 ya ziada, nao ndio wengi wetu inapofika tarehe 20 ya mwezi, anaweza kumtajia kipindi mtu mmoja wa kazini. Mtangazaji anayetaka kumshawishi mdhamini huhesabu wasikilizaji kabla ya kuhesabu fedha.

Mkikubaliana kutoa, pangeni tangu mwanzo ni kwa miezi mingapi, na ukomo uandikwe pale mnapoandika bei ya unga na ya umeme. Malipo ya kujikata yenyewe kila mwezi yana tabia ya kusahauliwa. Mtu huja kugundua baada ya mwaka kwamba bado anakilipia kipindi alichoacha kukisikiliza zamani. Mwezi wa ada za shule mchango usimame, na kijana amwandikie mwenye kipindi mistari miwili kumweleza. Wengi wao hujibu barua hizo wenyewe, kwa kuwa hawana karani.